Nani Yuko Benchi?

Katika hoki ya barafuni mshambuliaji hachezi mechi, anacheza zamu. Anaruka ule ukuta mfupi unaozunguka uwanja, anakimbia juu ya makali ya viatu vyake kwa nguvu zote alizonazo kwa sekunde 40 au 50 hivi, kisha anarudi benchi akihema kama mbuzi aliyeponea kwa fisi, na mwenzake anaruka kuingia. Refa hapulizi kipenga kuruhusu badiliko hilo. Mchezo unaendelea, kile kisahani cheusi cha raba kinaendelea kuteleza, na watu wanapishana ukutani kama makanga wanaodandia matatu ambayo tayari imeondoka. Kwa kawaida washambuliaji wanaovaa jezi kwa mechi moja ni 12, wamepangwa watatu watatu. Mechi ni dakika 60, na hata yule nyota ambaye watu wamelipa kumwona atakuwa juu ya barafu kama dakika 20. Zile 40 zingine amekaa, anatazama, anakunywa maji.

Kwa hiyo mtoto wa hoki hufundishwa mapema sana kitu ambacho michezo mingine haimfundishi mtu: kutoka. Atoke kabla miguu haijaisha, atoke hata kama alikuwa anaona bao linakuja. Anayebaki sekunde 20 zaidi kwa tamaa ndiye atakayepitwa na mpinzani aliyeingia sasa hivi na miguu mipya, na bao likiingia hapo, wenzake benchi hawatamwangalia usoni. Wanaweza kumsamehe aliyekosa goli wazi. Aliyekataa kutoka, hapo ni kesi nyingine.

Sasa kinachonishangaza ni hiki. Mchezo huohuo wa kutokatoka ndio uliozaa watu waliokataa kabisa kuondoka.

Gordie Howe, Mkanada, alianza kuchezea Detroit mwaka 1946 akiwa na miaka 18. Alistaafu 1971, kifundo cha mkono kikiwa kimeharibika, akapewa ofisi ambayo ndani yake hamkuwa na kazi ya maana. Mwaka 1973 akarudi uwanjani, safari hii Houston, katika ligi pinzani, ili acheze timu moja na wanawe wawili, Mark na Marty. Baba na wana, mstari mmoja! Aliendelea hadi 1980. Katika msimu wake wa mwisho, akiwa Hartford, alicheza mechi zote 80 za msimu wa kawaida, akafunga mabao 15, na kabla msimu haujaisha akawa ametimiza miaka 52. Jumla ya mechi zake katika ligi kuu ya NHL ni 1,767, na rekodi hiyo ilisimama hadi tarehe 19 Aprili 2021, Patrick Marleau alipocheza ya 1,768. Marleau aliishia 1,779 na hakuwahi kunyanyua Kombe la Stanley hata siku moja.

Najua unachojiuliza. Mtu wa Liboi na hoki ya barafuni ni wapi na wapi? Hapa barafu tunayoijua ni ile ya mfuko wa plastiki, inayotoka kwenye friza ya dukani na kuyeyuka kabla hujafika nyumbani. Ukitoka Dadaab unakuja mashariki kilomita kama 80 za mchanga na vumbi, unafika kwetu, na ukiendelea kidogo tu uko Somalia, upande wa Dhobley. Jua letu si la kusimuliwa. Lakini nina binamu Minneapolis, na huko, majira ya baridi yakiingia, mtoto wa Kisomali naye anafungwa viatu vya makali kama watoto wa majirani. Binamu hunitumia video. Mwanzoni nilizitazama kwa heshima ya undugu tu. Baadaye nikajikuta nazisubiri, na nikajikuta namtafuta mtu mmoja hasa, mzee wa nywele ndefu anayeitwa Jaromír Jágr.

Swali linalonisumbua si la hoki. Ni swali la kila mtu mwenye kazi, mwenye cheo, hata mwenye ndoa: ni lini kubaki kunaacha kuwa sifa? Na Kiswahili chenyewe kinatusukuma tuliulize, maana kina maneno mawili kwa kitendo ambacho ukikipiga picha kinaonekana kimoja. Kuna kuvumilia, na kuna kung'ang'ania. Anayevumilia na anayeng'ang'ania wote wamekaa palepale, wote wamekataa kuondoka, wote wanatoka jasho. Mmoja tunamwombea dua na mwingine tunamsema baada ya swala. Tofauti iko wapi?

Jibu la haraka ni kwamba tofauti iko moyoni, kwenye nia. Mimi siliamini sana jibu hilo. Nia ya mtu anaijua Mola wake, na kila anayeng'ang'ania atakuapia Wallahi kwamba anavumilia. Nadhani tunatazama mahali pasipo. Tunamtazama sana mtu aliyeko uwanjani, na hatulitazami benchi.

Jágr alizaliwa Februari 1972 Kladno, mji wa chuma na makaa ya mawe karibu na Prague. Akiwa na miaka 16 alikuwa tayari anacheza na wakubwa katika klabu ya mji wake. Mwaka 1990 akachukuliwa na Pittsburgh ya Marekani, akiwa wa tano kuchaguliwa mwaka huo, na katika misimu yake miwili ya kwanza, 1991 na 1992, timu ikatwaa Kombe la Stanley mara zote mbili. Mgongoni alivaa namba 68, kwa ajili ya mwaka 1968, mwaka ambao vifaru vya Kisovieti viliingia Czechoslovakia. Mara tano alimaliza msimu akiwa kinara wa pointi katika ligi nzima. Mwaka 1998 akatwaa dhahabu ya Olimpiki na nchi yake kule Nagano. Akaenda Urusi mwaka 2008, watu wakasema amekwisha. Akarudi Marekani mwaka 2011, akazunguka timu moja hadi nyingine: Philadelphia, Dallas, Boston, New Jersey, Florida, Calgary. Mechi yake ya mwisho NHL ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka 2017. Mechi 1,733, mabao 766, pointi 1,921. Ni mtu mmoja tu, Wayne Gretzky, aliye na pointi nyingi kuliko hizo.

Hapo mwenye akili zake angeenda kuvua samaki. Yeye alirudi Kladno.

Na hapa ndipo hadithi inapokuwa ya maadili, si ya takwimu tena. Klabu ya Kladno ilikuwa mali yake. Klabu ndogo, isiyo na pesa, ambayo mwaka 2019 ilipanda ligi kuu ya Kicheki, mwaka 2020 ikashuka, mwaka 2021 ikapanda tena. Jágr ameeleza waziwazi kwamba wadhamini wanataka kumwona akicheza, na kwamba yeye akivua viatu, wao watafunga mifuko. Kwa hiyo mwenye klabu akawa mfanyakazi wa klabu. Februari 2024 Pittsburgh waliipandisha jezi yake ya 68 kwenye dari la uwanja wao, heshima wanayopewa waliomaliza safari. Jezi ilipandishwa, makofi yakapigwa, na mwenye jezi alikuwa bado mchezaji. Alipotimiza miaka 53, Februari 2025, jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya wachezaji wa Kladno.

Ukimtazama kwenye video hizo za uzeeni utaona kitu. Hakimbii tena. Anasimama pembeni karibu na ukuta, anaukinga mpira, samahani, kisahani, kwa mgongo wake mpana na makalio makubwa ambayo ni maarufu kuliko nyimbo nyingi, na vijana wawili wanamsukuma kama watu wanaosukuma lori lililokwama mchangani. Kisha anatoa pasi fupi na kurudi benchi. Zamu zake zimekuwa fupi na chache. Zamani timu ilikuwa inamzunguka yeye. Sasa yeye ndiye anayejibana apate pa kusimama. Mtu aliyekuwa kinara wa dunia amekubali kuwa kipande kidogo cha timu ya mkiani. Watu wengi wakubwa hawawezi hilo. Wanaweza kuondoka, na wanaweza kubaki wakiwa wakubwa, lakini kubaki huku unapungua, hapana.

Lakini tusimpambe kama bwana harusi. Washambuliaji wa mechi ni 12. Jágr akivaa jezi, kuna kijana wa miaka 19 pale Kladno, mwenye mapafu mazuri na mama anayemwombea, ambaye havai. Kijana huyo haingii kwenye video anazonitumia binamu. Tunapomshangilia mzee, tunashangilia pia kukaa kwake nje, sema tu hatumwoni. Hoja hii ni nzito na siwezi kuipita kwa mbio. Ukiniuliza kwa nini bado simwiti Jágr king'ang'anizi, nitakwambia ni kwa sababu ya hesabu moja chungu: asipocheza, na ikiwa wadhamini kweli wataondoka, kijana huyo hatapata nafasi ya Jágr. Atapoteza hata klabu ya kusubiria nafasi. Hesabu hiyo ikibadilika, akitokea mdhamini asiyemhitaji mzee, basi na hukumu yangu itabadilika siku hiyohiyo. Kubaki kwake kulikuwa na uhalali wa muda, kama leseni. Na leseni huisha.

Liboi neno zamu ni neno la maji kwanza. Pale kwenye kioski cha maji watu hupanga mitungi ya lita 20, ya njano, mstari mrefu, kisha wanakwenda kukaa kivulini. Mtungi unakushikia nafasi. Ni utaratibu mzuri, hauna kelele, na kila mtu anauheshimu mpaka anapotokea mjanja mmoja anayeacha mtungi mtupu kwenye foleni tangu jana usiku, mwenyewe yuko Dadaab. Mtungi hautaki maji. Unataka nafasi tu. Kila nikisoma habari za viongozi wa eneo letu la dunia, naukumbuka mtungi ule. Uganda walikuwa na kikomo cha umri wa rais, miaka 75, kwenye katiba. Mwaka 2017 bunge likakiondoa, na aliyekuwa madarakani tangu 1986 akaendelea. Watetezi wake husema ni uzoefu. Sawa, Jágr naye ana uzoefu. Lakini Jágr kila wiki alikuwa anapimwa mbele za watu na kitu kisichojali jina lake: barafu, saa, ubao wa mabao. Klabu yake ilishuka daraja yeye akiwa ndani, hakuna aliyeamka usiku kubadilisha msimamo wa ligi. Na mzee wa hoki anapungua mwaka hadi mwaka, macho yanaona. Kiongozi akizeeka kitini, yeye ndiye anapungua lakini kiti kinaongezeka, kinameza ofisi za jirani.

Kuna benchi la aina nyingine, na hili liko karibu na sisi kuliko Kladno.

Mwaka 2013, katika mji wa Borlänge huko Sweden, vijana wa Kisomali waliofika kama wakimbizi walianzisha timu ya taifa ya Somalia ya bandy. Bandy ni binamu wa hoki: wachezaji 11 kila upande, mpira mdogo badala ya kisahani, barafu pana kama uwanja wa kandanda. Wengi wao walikuwa hawajawahi kusimama juu ya barafu. Mwalimu wao alikuwa Per Fosshaug, aliyekuwa nyota wa mchezo huo Sweden. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2014, walikuwa Irkutsk, Siberia, kwenye mashindano ya dunia, wakifungwa mabao mengi mpaka mtu anaona aibu kuhesabu. Filamu ikatengenezwa juu yao. Nchi iliyo kwenye jezi zao ni ileile inayoanza hapo mbele baada ya kizuizi chetu, na Liboi hii ndiyo ilikuwa mlango wa waliokimbia mwaka 1991, wakati kambi ilipokuwa hapahapa kabla watu hawajahamishiwa Ifo, Dagahaley na Hagadera.

Walirudi tena mashindanoni 2015. Wakafungwa tena. Je, huko ni kuvumilia au kung'ang'ania? Ukipima kwa mabao utawaambia waache. Ukilitazama benchi utaona swali lenyewe halisimami: hakukuwa na Msomali mwingine aliyenyimwa nafasi kwa sababu yao. Nyuma yao hakukuwa na mtu. Wao ndio walikuwa wa kwanza na wa akiba kwa pamoja.

Nairobi ni hivyo hivyo. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ulifunguliwa mwaka 2005. Ni mdogo kuliko uwanja kamili wa hoki, na hapo ndipo Ice Lions walikulia. Kwa miaka walikuwa timu isiyo na timu ya kucheza nayo, wakijigawa wenyewe kwa wenyewe ili mechi iwepo. Mwaka 2018 kampuni moja ya kahawa ya Kanada ikawasafirisha hadi huko kwa ajili ya tangazo, wakapata wapinzani, na ghafla kwenye mstari wao wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Mtu aliyebaki kwenye timu kama hiyo miaka kumi, akienda mazoezini usiku baada ya kazi, bila ligi wala mshahara, huwezi kumwambia ampishe kijana. Yeye akiondoka mapema hakuna kijana atakayejua kwamba kuna mahali pa kuingia.

Kwa hiyo naona nidhamu ya hoki, ile ya kutoka kabla hujaisha, inadai kitu ambacho hakitajwi: kwamba kuna mtu ameshavaa, amekaa, yuko tayari kuruka ukuta. Ukitoka kwa wakati na hakuna anayeingia, hujatoka kwa heshima. Umeiacha timu na watu wanne.

Hilo kwetu si falsafa ya video. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilivamiwa na watu 28 wakauawa, walimu wakiwa miongoni mwao. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii yetu. Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi ambao si wenyeji wa huku. Sitawalaumu walioondoka; hakuna somo la hisabati linalostahili shingo ya mtu, na anayewaita waoga aje alale huku wiki moja. Lakini waliondoka na hakuna aliyeruka ukuta. Madarasa yakabaki na watoto wanaojifunza kunyamaza.

Ndipo wastaafu wakaitwa. Kenya mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60. Ilikuwa 55 hadi mwaka 2009. Abti wangu, yaani mjomba, alistaafu akala keki, akapewa blanketi na hotuba. Baada ya mwaka mmoja na kidogo kamati ya wazazi ilimfuata nyumbani. Leo ana miaka 66, anafundisha hisabati, analipwa kwa michango, mara fedha, mara mbuzi, mara ahadi. Magoti yake yamekwisha. Anaandika ubaoni akiwa ameketi, kwa hiyo maandishi yote yako nusu ya chini ya ubao na watoto wa nyuma wanasimama ili waone.

"Abti," nilimwambia siku moja, "si upumzike sasa?"

"Nipumzike nimwachie nani? Mbuzi?"

Watu wa mji wamegawanyika juu yake. Kuna wanaosema ni baraka. Kuna vijana wenye vyeti vya ualimu wanaosema kwamba maadamu mzee yuko, kamati haitahangaika kutafuta wala kudai mwalimu mwingine. Yeye ndiye kizibo kinachofanya shimo lionekane limejaa. Wana hoja, na ni hoja ileile ya yule kijana wa Kladno. Mtu mwema akijaza pengo kwa mgongo wake, anayepaswa kulijaza pengo hilo anapata usingizi. Nimeitafakari sana na sioni njia ya kuikwepa. Ninachoweza kusema ni kwamba deni hilo si la mzee. Watoto wa darasa la sita hawawezi kusubiri desimali mpaka serikali iamke.

Mimi mwenyewe ni mtu niliyetoka. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili. Sijutii na wala sijivuni. Niliondoka kwa sababu zangu, nikaanza kuandika, na uandishi unanilisha siku za wiki ambazo umeamka vizuri. Nyumbani suala hilo huzungumzwa kama ugonjwa wa zamani uliopona vibaya. Jamaa wamenipa methali zote za subira zilizopo, nadhani na nyingine wamezitunga papo hapo. Abti peke yake hakuwahi kunisema, mpaka mwezi uliopita.

"Wewe ulitoka chuo," alisema. "Sawa. Ulipotoka, nani aliingia?"

Nilifikiri ananichokoza. Kumbe anauliza kweli, kama mwalimu wa hisabati anavyouliza. Nikamjibu kwamba hakuna aliyeingia wala hakuna aliyeumia. Tulikuwa karibu watu 300 kwenye ukumbi mmoja, mhadhiri hakujua nilikuja na hakujua niliondoka. Benchi lilikuwa limejaa mpaka ngazini.

"Basi hukufanya kitu kibaya," akasema, "na kizuri pia hukufanya. Ulihama kivuli."

Nimelichukua jibu hilo nikaligeuza kila upande. Linanipa amani na linaninyima. Kwa sababu kuna kutoka kwangu kwingine, ambako jamaa hawakutaji kwa kuwa hakuna cheti ndani yake. Nilifundisha kwenye shule ya Abti mihula miwili, mwalimu wa BOM, mshahara wa kuja ukipenda. Kisha nikapata kazi za kuandika zenye malipo, nikaacha. Kitendo kilekile, mguu uleule ukivuka mlango. Kule chuoni nyuma yangu kulikuwa na watu 299. Huku nyuma yangu alikuwa mzee wa magoti mabovu, akavichukua vipindi vyangu akaviongeza kwenye vyake, bila kuniambia neno. Nilikuwa na haki ya kwenda. Sikuwahi kuahidi maisha, na mtu lazima ale. Lakini nikiambiwa kutoka kote ni sawa, kwamba kila mtu ana maisha yake, nageuka kuangalia nani amekaa nyuma.

Howe alirudi barafuni kwa sababu wanawe walikuwa huko. Jágr alibaki kwa sababu ya mji wake, au kwa sababu hakujua kufanya kitu kingine saa moja jioni. Pengine yote mawili, na mimi yote mawili nayaelewa. Abti akiulizwa kwa nini hajaondoka hutaja watoto, ila nimemwona asubuhi anavyopangusa chaki kwenye mikono ya shati lake, taratibu, kama mtu anayejipaka manukato. Usije ukaniambia mtu huyo anateseka tu.

Wiki jana nilimpelekea pendekezo. Yeye abaki na darasa la sita siku za Jumanne na Alhamisi. Jumatatu na Jumatano nichukue mimi, asubuhi tu, niandike mchana na usiku. Baada ya muhula tuone, aongeze au apunguze, au yule kijana wa jirani mwenye cheti aingie Ijumaa kama kamati itapata cha kumpa. Alikataa. Akasema hawezi kuachia darasa nusu, darasa si mkate. Alinyamaza muda mrefu akikuna goti. Kisha akataka kujua kama ninakumbuka jinsi ya kugawanya desimali, na kabla sijajibu akanyosha mkono kutafuta karatasi.